Vikapu vya Evodie na Michezo Kumi na Minne

Jumatatu, 9 Machi
Mama mkwe anakuja! Mama Pétronille mwenyewe, kutoka Kirungu. Atafika na boti ya Jumamosi, atakaa nasi mwezi mzima. Nilifurahi. Halafu mke wangu Evodie akauliza mama yake atalala wapi, maana kitanda cha chumba kidogo kimejaa michezo yangu. Kumi na minne. Ludo tatu, dame, yaani drafti, tano, eshek moja ambayo mfalme wake mweusi ni kifuniko cha bia, na mingineyo. Mimi naiita mali. Yeye anaiita takataka. Sikubishana, alikuwa ameshika mwiko.

Amri yake ilikuwa fupi: “Papa Gracia, chagua miwili. Ukibakisha wa tatu, mama atalala na mimi, na wewe utalala salon, kwenye kochi.”

Kochi letu ni la watu wawili wafupi. Mimi ni mrefu.

Jumanne, 10 Machi
Nimeweka sheria ya haki: unabaki mchezo ambao nimewahi kushinda. Nikaipitia yote, mmoja mmoja, saa nzima. Hakuna hata mmoja! Sheria imefutwa.

Basi nimechagua kwa moyo. Wa kwanza ni kisolo ya marehemu baba, ule mchezo wa mashimo na mbegu. Aliichonga mwenyewe kwa mbao kuukuu ya reli, na shimo la tatu lina ufa. Hiyo siiachi hata nife. Wa pili ni ludo ambayo binti yetu Gracia alijifunzia kuhesabu. Leo anasoma Lubumbashi, na hesabu yake ni nzuri kuliko yangu. Imebaki kumi na miwili ya kutupwa. Niliushika kila mmoja mkononi, roho ikaniuma. Sikulia. Ni vumbi tu.

Jumatano, 11 Machi
Akili ni mali! Evodie hakutaja kutupa. Alisema kuchagua.

Alipoenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilichukua vikapu vyake vitatu, vile vizuri vya wageni. Kila kimoja nikatia michezo minne, nikafunika kwa kitambaa. Kimoja nikapeleka kwa Mama Huguette, muuza dagaa. Kimoja kwa Thierry, mwenzangu wa biro ya bandari. Cha tatu kwa jirani Damien, muntu wa majivuno, anayejiita bingwa wa dame wa mtaa mzima. Wote nikawaambia wanitunzie mpaka mgeni aondoke. Damien akauliza kama hatimaye nimekubali kwamba yeye njo bingwa. Nikamkabidhi kikapu. Nilikuwa nimemtilia dame zenye kete pungufu.

Alhamisi, 12 Machi
Evodie ameona kitanda kitupu. Alisimama mlangoni akanitazama kama siku ile aliponikubali. Akapika kuhe na bukari, ugali wetu, kichwa cha samaki akanipa mimi. Akasema hakudhani ningeweza. Aibu ilinishika kidogo. Nikaongeza bukari.

Akauliza michezo imekwenda wapi. Nikasema imepata makao mema. Si uongo. Akaulizia pia vikapu vyake. Nikasema viko kwa majirani. Akatikisa kichwa tu, akaendelea kutoa miiba.

Jumamosi, 14 Machi
Mama Pétronille ameshuka salama, na gunia la maharagwe na kikapu chake. Alikaa salon. Mimi nilikaa karibu na mlango, macho chini, kama mkwe mwenye adabu. Mambo yote sawa.

Saa kumi, hodi. Mama Huguette! Amesikia kuna mgeni, na nyumba yenye mgeni haifai kukosa vitu vyake, kwa hiyo amerudisha kikapu. Michezo yangu minne ndani. Na juu yake wa tano, nyoka na ngazi, mupya kabisa. Akamweleza Evodie, kwa upole mwingi: “Kikapu cha muntu hakirudi kitupu. Nikawaza, Papa Gracia anapenda nini?”

Dagaa, mama! Napenda dagaa!

Nyuma yake Thierry, minne na ludo moja. Nyuma ya Thierry, Damien, minne na dame aliyoichonga mwenyewe, jina lake limechorwa katikati.

Mama mkwe aliona watu wa huku kwetu Kalemie wana desturi nzuri. Akakumbuka kwamba Noeli nilimtumia dagaa ndani ya kikapu, na yeye pia amelelewa vizuri. Akakivuta kile kikapu alichokuja nacho, kumbe ndicho cha Noeli. Ndani, kisolo ya Kirungu.

Evodie hakupiga kelele. Alihesabu. Alipofika kumi na minane, akaenda chumbani, akarudi na muto wangu, akauweka juu ya kochi.

Jumapili, 15 Machi
Miguu yangu ilikaa nje ya kochi mpaka asubuhi.

Baada ya misa, mama mkwe alitaka kucheza. Mkwe hakai uso kwa uso na mama mkwe, basi yeye alikaa nyuma ya pazia akitaja mashimo, na Evodie akamsogezea mbegu. Tulitumia kisolo ya baba. Nilipigwa mara tatu. Evodie alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Sijamwona akicheka hivyo tangu harusi yetu, na nasema kweli, nilifurahi kushindwa.

Halafu akajifuta machozi, akasema Jumapili ijayo ibaki miwili.

Nimekubali kwa moyo wote. Kosa langu nimeliona: majirani wako karibu mno. Safari hii michezo inapanda treni kwenda Nyunzu, kwa shemeji wa Thierry. Vikapu vya Evodie vimefungiwa kabatini, lakini Mama Huguette ameniazima chake kikubwa. Na kwa kuwa kikapu cha muntu hakirudi kitupu, kesho nitapita bandarini kumtafutia cha kutia ndani. Kuna muntu wa Kigoma anauza bao.