Kura Dhidi ya Kobe

Jumatatu, 3 Machi
Nimeandika pendekezo la kubadili kanuni za sarafu ya kidijitali ya kundi letu la mtaani. Malipo yathibitishwe kwa dakika moja badala ya kumi. Kazi safi, nakiri mwenyewe. Kundi karibu lote limeafiki, hata mama mkwe wangu. Amepinga jirani yangu tu, fundi cherehani tunayemwita Kobe. Eti tusikimbilie, kompyuta zinazotunza kumbukumbu za malipo hazina nguvu sawa. Mwoga wa maendeleo.

Jumatano, 5 Machi
Kobe akiwepo, atawageuza wengine. Nimesikia mkewe anatarajiwa kujifungua Ijumaa. Nimepanga kura Ijumaa. Mke wangu kauliza mbona natabasamu peke yangu. Nimesingizia chai.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu kagundua. Hakugomba. Kanikumbusha tu kwamba alipojifungua yeye, Kobe ndiye aliyekaa nami hospitali, nikitetemeka kama kuku aliyenyeshewa. Kweli tupu. Nimefunga duka la simu, nikabeba kompyuta, nikaenda.

Nimemkuta kwenye benchi la wodi, macho mekundu, binti mchanga mikononi. Nikamwambia kura bado iko wazi. Akanikabidhi mtoto, akabonyeza HAPANA bila kupepesa macho, kisha akawaandikia wenzetu sababu zake. Nikamuuliza ana ugomvi gani na mimi.

"Sina neno na wewe, jirani. Ile kompyuta ya mama mkwe wako haiwezi kasi hiyo. Tutamwacha nje."

Nami sikuwahi kumuuliza mama mkwe. Kumbe alikubali ili mimi mkwewe nisiaibike mbele za watu. Sikujua niangalie wapi, nikamwangalia mtoto. Akapiga chafya, akakamata kidole changu, akalala. Watu wakaanza kubadili kura. Pendekezo likaanguka nikiwa nimembeba. Sikuumia. Labda kidogo.

Jumatatu, 10 Machi
Pendekezo jipya: nusu dakika. Mama mkwe nitamweleza taratibu.

Kobe na mkewe hawajafumba macho tangu Ijumaa. Nimejitolea kumbembeleza mtoto kila alasiri ili wapate usingizi. Kobe kanishukuru mara tatu, nami nikajifanya nakohoa. Kobe akilala, hasikii hata gari la taka. Kura nimeiweka saa hiyohiyo. Mtoto nimemweleza mpango wote, neno kwa neno. Hajapinga.