Betri Iliyopimwa Kama Mtoto

Waya alikuwa amesimama kwenye duka la vipuri akijifanya anachagua balbu, huku masikio yake ameyaacha kaunta, aliposikia mama mmoja mtu mzima akiuliza kama kuna betri isiyozimia njiani.

"Ya gari gani, mama?" muuzaji akauliza.

"Basi dogo. Lakini si la abiria, abiria ni mimi peke yangu. Viti nimeng'oa, nimeweka kitanda, jiko na friji. Betri mbili zilizopo ni za maji, nzito kama dhambi, na alfajiri hazifiki. Nasikia siku hizi kuna za lithiamu."

Muuzaji akatikisa kichwa, hakuwa nazo. Waya akairudisha balbu mahali pake kwa adabu kubwa, akatoka kwenda kumsubiri yule mama kwenye kivuli cha ukuta. Kwa mtu wa kazi yake hakuna kitu kitamu kama mteja aliyekwisha kujishawishi mwenyewe.

Waliompa jina la Waya walimpa kwa wembamba wake, na kwa kuwa alipinda popote bila kukatika. Mikono yake ilikuwa ya fundi wa kweli. Angeweza kufunga umeme wa hospitali nzima asimuamshe mgonjwa hata mmoja. Msiba wake ni kwamba kazi halali ilimchosha akiifikiria tu. Mali yake yote ya biashara ilikuwa masanduku mawili ya buluu yaliyofanana kama mapacha. Moja lilikuwa betri ya lithiamu ya kweli, nyepesi, yenye nguvu za fahali. La pili lilikuwa ganda tu. Ndani alilijaza zege, na katikati ya zege akazika vibetri viwili vichovu vya pikipiki, vya kuwasha taa kwa saa chache ili yeye apate kufika mbali. Zege hilo alilichonga kwa patasi siku nzima, akinyanyua hili na kunyanyua lile, mpaka mikono yake mwenyewe ikashindwa kusema lipi ni lipi. Alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliosoma. Ili asijichanganye, ile ya kweli aliiviringishia taulo la kijani.

Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi. Anafunga ya kweli, mteja anaona maajabu, mteja akigeuka kidogo, ya kweli inarudi mkobani na zege linabaki garini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisamehe, sikuwa nasikiliza, ila nimesikia. Betri ya lithiamu ninayo, na kufunga nafunga mimi mwenyewe. Tena kwa nusu ya bei ya mjini."

"Nusu? Na nusu nyingine anailipa nani?"

"Hiyo utanilipa kwa dua, mama."

Mama akamtazama kutoka viatuni hadi kwenye kofia, bila haraka, akasema, "Haya. Dua ninazo nyingi. Njoo nyumbani kwangu kesho asubuhi."

Kesho yake ilikuwa Jumanne, na hapa lazima tueleze kwamba mtu mwenye akili timamu angepumzika Jumanne hiyo. Jumatano saa nne Waya alikuwa na miadi na tajiri mmoja mwenye magari tisa ya kulala, ambayo aliyakodisha kwa watalii. Tajiri huyo alitaka aione kwa macho yake betri ikichemsha maji, kisha angelipia tisa kwa mkupuo. Kwa malipo hayo Waya angehama mji, abadilishe jina, labda hata anenepe. Kilichohitajika ni kitu kimoja tu: siku ya Jumatano betri ya kweli iwe mkononi mwake. Lakini mkono uliozoea kudokoa haujui sikukuu.

Mama alikuwa mkunga aliyestaafu. Waya alilijua hilo mara tu alipoingia ndani ya basi, maana usafi wake ulikuwa ule wa kutisha. Mapazia yalikuwa yamepigwa pasi. Masufuria yalining'inia kwa mpangilio wa ukubwa, na kila mfuniko ulifungwa kwa mpira ili usipige kelele njiani. Juu ya mlango, kwenye ndoano, ilitundikwa mizani ya wodini, ile ya saa yenye mshale na kitambaa cha kumlaza mtoto.

"Hiyo ya nini, mama? Unatarajia?"

"Nyamaza wewe. Gari hili lina kipimo cha mzigo, siweki kijiko bila kujua uzito wake." Akafungua daftari. "Blanketi, kilo mbili na robo. Betri za maji, kila moja kilo ishirini na saba. Lete mgeni wako tumpime."

Waya akacheka, akaitoa betri ya kweli kwenye taulo. Mkunga akailaza kwenye kitambaa, akausubiri mshale utulie, akasoma: "Kilo kumi na moja na gramu mia sita. Kweli nyepesi." Akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika uzito, akakibandika kwenye mpini wa betri.

"Unaivalisha bangili?"

"Ndiyo kazi yetu. Mtoto akitoka tu, anapimwa, anavalishwa jina. Miaka thelathini na moja, sijawahi kumpa mama mtoto wa mwenzake."

"Mimi mama yangu mpaka leo anadai alibadilishiwa," Waya akasema.

"Simlaumu."

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi nzuri, hilo tusimnyime. Waya alizing'oa betri za maji, akasafisha ukoga wa kijani. Nyaya nyembamba zilizokuwa zimeanza kubabuka akazitupa, akaweka nene kama kidole gumba. Akafunga fyuzi jirani kabisa na betri, akabadilisha chaja, kwa sababu ile ya zamani, alieleza, ingeilisha lithiamu chakula kisicho chake. Mkunga alikaa kwenye ngazi ya gari akiuliza kila kitu, taratibu, kama anayesuka mkeka.

"Na hiyo fyuzi isipokuwepo?"

"Nyaya zikigusana, gari linakuwa mshumaa."

"Na friji litakwenda siku ngapi, sola ya juu ya paa isipopata jua?"

"Mbili, ukiliheshimu."

"Nitaliheshimu sana. Ni la dawa yangu ya sukari. Naenda kwa dada yangu, siku nne njiani. Miaka kumi na moja hatujaonana. Dawa ikipata joto imeharibika, na mimi nimeharibika nayo."

Waya alihisi kitu kimemchoma kifuani, kama mwiba wa samaki. Akameza mate, kikashuka. Ndivyo alivyofanya na mambo mengi.

Akawasha. Taa zikawaka, friji likaguruma, birika la umeme likapiga mluzi, na vyote kwa pamoja. Mkunga akapiga makofi kama msichana.

"Sasa," Waya akasema kwa sauti ya daktari bingwa, "naichomoa ipumzike dakika kumi. Ina ubongo wake ndani, lazima ulizoee gari. Wakati huo, mama, kama kuna chai..."

"Chai haikosekani."

Mkunga akashuka kwenda jikoni kwake, ndani ya nyumba. Waya akafanya kwa pumzi tatu alichokifanya mara nyingi: zege likatoka mkobani, betri ya kweli ikaingia kwenye taulo lake la kijani, na plasta, maana yeye si mtoto, akaibandua polepole kutoka mpini huu na kuibandika mpini ule. Akaipiga pasi kwa kidole. Hata mzazi asingetambua.

Mkunga akarudi na vikombe viwili. Wakanywa. Kisha mkunga akaliinamia sanduku sakafuni, akalinyanyua na kulilaza tena kwenye mizani.

"Mama! Si umeshalipima?"

"Akizaliwa tunampima, akiruhusiwa kwenda nyumbani tunampima. Ndiyo utaratibu." Mshale ukatetemeka, ukatulia. "Kilo kumi na mbili na gramu mia moja. Ameongezeka nusu kilo."

Jasho jembamba likamtoka Waya chini ya kofia. Mikono yake aliyoiamini kuliko ndugu haikuwahi kupambana na mshale wa wodini. Lakini ulimi wake ulikuwa macho.

"Ah, mama, ndiyo chaji hiyo! Asubuhi ilikuwa na njaa. Umeme nao una uzito, ukiingia ndani betri inanenepa."

"Kumbe!"

"Watu wengi hawajui."

"Mimi mmojawapo. Elimu haina mwisho." Mkunga akaandika kwenye daftari, akaliweka sanduku chini, akamtazama mikono. "Sasa nenda kanawe. Bomba liko nyuma ya nyumba, sabuni iko hapo. Mpaka viwikoni, na chini ya kucha."

"Nikimaliza kufunga nitanawa."

"Humalizi kitu kwenye chumba changu na mikono hiyo. Madaktari wakubwa walikuwa wananitii, sembuse wewe. Nenda. Nitasikia maji."

Waya akaenda, anacheka moyoni. Akanawa mpaka viwikoni, akasugua kucha kwa brashi, akaimba kidogo. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokuwa msafi hivyo. Aliporudi, mkunga alikuwa amekaa palepale kwenye ngazi, kikombe mkononi, sanduku la buluu pale pale na plasta yake, mkoba pale pale na taulo la kijani likichungulia.

Akalifunga sanduku mahali pake, akakaza nati kwa nguvu zake zote, akajaribu taa. Zikawaka. Mkunga akamlipa palepale, hakupunguza hata senti, akaiandika namba ya simu yake kwenye daftari, akampa na ndizi mbili za njiani. Waya akajitwika mkoba begani. Ulikuwa na uzito wake uleule, mzuri, aliouzoea.

Jumatano saa nne, uwanja wa tajiri ulikuwa umefagiliwa. Magari tisa yamepangwa mstari, na mbele yake madereva tisa na mhasibu wao. Tajiri alikuwa mtu mfupi, mnene, mchoyo wa maneno.

"Onyesha."

Waya akaonyesha. Alitumia saa nzima kulifunga gari la kwanza, nyaya zimenyooka kama mistari ya daftari, fyuzi mahali pake, na huku akihubiri. Mwisho akabonyeza swichi. Taa zikawaka, madereva wakasema "Aaa!"

"Birika," tajiri akasema.

Waya akawasha birika kwa kidole kimoja, huku anamwangalia mhasibu. Birika likasema "tsss", kama mtu aliyetukanwa. Taa zikawa nyekundu, zikawa kahawia, zikafa.

"Inapumzika," Waya akasema. "Ina ubongo..."

"Naona unaumwa," dereva mmoja akasema, wenzake wakaangua kicheko.

"Fungua," tajiri akasema.

"Bosi, ukifungua dhamana inakufa."

"Na isipofunguliwa unakufa wewe."

Mfuniko ukang'olewa kwa bisibisi. Zege likawatazama wote, kijivu, limetulia. Na upande wa ndani wa mfuniko palikuwa na kipande cha plasta nyeupe, kimeandikwa kwa mwandiko wa mviringo, ule wa kadi za kliniki. Mhasibu, ambaye kazi yake ni kusoma, akasoma kwa sauti:

"Uzito: kilo kumi na mbili na gramu mia moja. Mama: hajulikani. Baba: fundi. Amerudishwa kwa mzazi wake."

Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Waya hakucheka. Macho yake yalikuwa yanaona bomba, sabuni na brashi ya kucha, na mkoba aliouacha kwa mkunga.

Tajiri hakucheka wala hakufoka. Aliinama kwenye gari, akaangalia nyaya muda mrefu, akavuta moja, haikutikisika.

"Hizi nani kafunga?"

"Mimi," Waya akasema kwa sauti ndogo.

"Vizuri. Betri nitanunua mwenyewe, dukani, zenye risiti. Wewe utafunga magari yote tisa, kwa ujira wa fundi kama mafundi wengine. Mlinzi, funga geti. Asipomaliza, asitoke. Akimaliza, mpekue."

Geti likafungwa. Na hivyo, wasomaji wangu, mtu aliyeikimbia kazi halali miaka ishirini alikabidhiwa bisibisi na siku saba za kazi halali.

Alhamisi jioni alikuwa chini ya gari la pili, mdomoni ana skrubu tatu, simu yake ilipolia.

"Fundi, hujambo? Ni mimi, mama wa basi. Nimefika nusu ya njia. Friji linagandisha mpaka nimelipunguza, dawa yangu imelala vizuri. Nimesema nikushukuru."

Waya akatema skrubu. "Mama, umeniibia betri yangu!"

"Nimeiba? Mimi? Mtoto akibadilika uzito, sisi hatupigi kelele. Tunafunga mlango, tunaangalia mikoba ya wageni. Nikamkuta mwanangu kwenye taulo la kijani, nikamfungua yule mwingine kwa bisibisi yako, nikaona zege, nikawarudisha kila mmoja kwa wake, basi. Nililipia betri, nimepata betri. Tena uliifunga wewe mwenyewe, mwanangu, kwa mikono yako miwili."

Likasikika basi likibadilisha gia kupanda mlima.

"Na mikono," mkunga akasema, "ilikuwa safi."