Kulirudisha Tumbo Kazini

Jumatatu, 6 Mei

Dada kapiga simu nikiwa nimeinama juu ya mita. Mama anakuja Jumamosi! Macho yake yanafifia, na kabla hayajafifia zaidi anataka kuniona nikinywa mgando wake. Hataki kutembezwa wala kupelekwa popote. Anataka kuniona nikinywa, basi. Nikasema karibu sana. Sauti yangu ilikuwa na furaha kupita kiasi.

Maziwa niliyaacha miezi mitatu iliyopita. Tumbo lilikuwa likijaa upepo kama mpira. Nikawa mwepesi, nikamtangazia kila mtu: ofisini, kinyozini, hata wateja ninaowasomea mita za maji. Kila mtu isipokuwa Mama. Yeye bado ananiletea dumu la maziwa ya mgando kila Alhamisi kwa dereva wa lori la mchanga, nami bado namwambia kwenye simu kwamba ni matamu. Dumu likifika kwangu halikai. Linakwenda kwa jirani yangu wa ukutani, fundi viatu, na likiwa tupu linarudi kwa Mama na lori lile lile. Jamaa kanawiri, mashavu yanang'aa.

Kumwambia Mama siwezi. Utotoni nilikuwa kijiti, watu walikuwa wanamtazama kwa huruma akinibeba. Alininywesha mgando kijiko kwa kijiko hadi nikasimama. Ng'ombe wa sasa ni mjukuu wa yule aliyenipa maziwa hayo. Anamkamua mwenyewe, kwa kupapasa. Ndiyo kazi pekee ambayo Dada hajamnyang'anya.

Kwa hiyo tumbo lirudi kazini kabla ya Jumamosi. Mpango ninao. Bomba lililofungwa muda mrefu hushika kutu, na dawa yake sisi wa idara ya maji tunaijua: fungulia kwa nguvu zote, uchafu utoke, maji yaende. Kesho asubuhi, kikombe kikubwa cha maziwa, kwa mkupuo.

Jumanne, 7 Mei

Uchafu umetoka.

Kikombe kilishuka vizuri, nikajipongeza. Nilipofika mtaa wa juu tumbo likaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima. Nyumba ya karibu ni ya mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu ambaye Ijumaa nilimkatia maji mimi mwenyewe na kupiga lakiri, muhuri wa idara, kwenye valvu. Nikabisha hodi. Akauliza kama nimemletea maji yake. Nikasema, kwa heshima zote, naomba choo. Akanitazama toka kofia hadi viatu. Akasema karibu sana kijana, choo kipo, kisafi, hakina neno. Ila maji ya kumwaga, hayo nikamuulize aliyeyakata.

Nikavunja lakiri yangu kwa mikono yangu! Valvu sijawahi kuifungua kwa kasi ile. Nilipotoka, mwalimu alikuwa anajaza ndoo, mabeseni, sufuria, hata birika, huku anaimba. Akaniambia nikibanwa tena nisione haya.

Jumatano, 8 Mei

Msimamizi kauliza nani kavunja lakiri mtaa wa juu. Nikasema nalichunguza jambo hilo. Kasema vizuri, nichunguze kwa maandishi.

Nikamfuata fundi mabomba wetu, tunamwita Spana, nikamweleza shida ya rafiki yangu aliyefungulia bomba lililolala. Spana kacheka hadi akaweka chini chai yake. Kauliza huyo rafiki alisomea wapi. Bomba lililolala ukilifungulia kwa pupa linapasuka! Unazungusha kidogo, unangoja, unasikiliza, ndipo unaongeza. Hata tumbo ni hivyo hivyo, kaongeza, akinitazama kiunoni. Sikuwa nimetaja tumbo. Nikaaga.

Basi, kijiko. Nikabeba maziwa kwenye chupa. Kijiko cha kwanza: kimya. Nikangoja, nikasikiliza. Kimya kabisa! Nikaona kungoja zaidi ni kumdharau mgonjwa aliyepona. Nikaongeza. Kimya. Nikaongeza tena. Kabla ya saa nne, kijiko kwa kijiko, kilikuwa kimekwisha kikombe kile kile cha jana.

Mwalimu mstaafu alikuwa ameniachia mlango wazi.

Alhamisi, 9 Mei

Dumu limefika. Safari hii sikulipeleka kwa jirani. Akalifuata mwenyewe, na kikombe mkononi. Nikamwambia leo hapana, nina mazoezi. Akauliza mazoezi gani ya kumnyang'anya mtu chakula chake. Chakula chake! Nikamkumbusha ni maziwa ya mama yangu. Akajibu mama ni wangu, sawa, lakini maziwa nayajua nini mimi? Akafungua kifuniko, akanusa, akafumba macho. Akasema ya wiki hii yamelala siku moja zaidi, na ng'ombe amebadilishiwa majani. Ya wiki iliyopita yalikuwa mepesi, lazima mvua ilinyesha kule. Anamzungumzia ng'ombe wetu kama shemeji yake.

Nikaona wivu. Mimi nimekua na maziwa hayo, na sikuwahi kujua kama yana mvua ndani.

Akasema, kwa nini nisimwambie mama ukweli, Bwana Mita, nikapumzika? Nikamjibu ni rahisi kwake kusema. Akaokota uzi sakafuni, akauviringisha kidoleni. Akasema ni kweli, kwake ni rahisi. Mama yake alifariki yeye hajajua hata kutembea, hana wa kumdanganya.

Nikamjazia kikombe. Baadaye nikamwachia dumu lote. Sijui kwa nini. Pengine tumbo liliniomba.

Ijumaa, 10 Mei

Mpango mpya. Unga wa mchele, maji, ndimu, chumvi kidogo. Nimeukoroga, nimeuangalia dirishani: mgando mtupu! Mama akigeuka kidogo nabadilisha vikombe. Macho yenyewe hayaoni vizuri.

Hiyo sentensi nimeiandika, kisha nimekaa nikaitazama. Chai ikapoa. Ni mtu gani anayepanga jambo kwa kutegemea macho ya mama yake?

Hata hivyo nimeficha kikombe cha unga nyuma ya redio.

Jumamosi, 11 Mei

Mama kafika, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, amekumbatia dumu kama mtoto mchanga. Nikamwamkia, akanipapasa uso, akasema nimekonda. Jirani akaingia kusalimia tu, eti. Shikamoo yake ilikuwa ndefu, na kikombe alikuwa nacho.

Mama akatumiminia sote wawili. Hakugeuka hata mara moja! Redio ikawa mbali kama mji mwingine. Akakaa mbele yangu, magoti yakigusana na yangu, akasogeza uso karibu. Nikainua kikombe, nikalowesha mdomo, nikasema matamu sana. Akauliza haya yana nini tofauti na ya Alhamisi. Nikasema utamu umezidi. Akauliza umezidi vipi.

Jirani alikuwa anajizuia, nilimwona shingo ikivimba. Akashindwa. Akasema mama umepunguza siku za kulaza, na ng'ombe amerudishiwa majani ya zamani, na samahani mama, ya Alhamisi yalikuwa bora zaidi.

Mama akamgeukia polepole. Akauliza fundi, wewe unashona nini? Jirani akasema viatu. Mama akaanza kucheka, mabega yote yakitikisika. Akasema tangu madumu yaanze kurudi yananuka dawa ya viatu, alijiuliza mwanawe kaacha lini mita akaingia kwenye kung'arisha. Hakuja kuniona mimi nikinywa. Alikuja kumwona anayekunywa!

Jirani akasimama kama anayesubiri viboko. Mama akamwambia akae, amalize kikombe, na aeleze vizuri kosa la dumu hili ni nini. Wakazungumza juu ya ng'ombe hadi jua likazama.

Mimi, kwa aibu, nikamaliza changu chote. Siandiki kilichofuata. Ni mbali hadi kwa mwalimu mstaafu.

Jumapili, 12 Mei

Mama kanikuta nimejikunja kitandani. Akakaa ukingoni, akaniwekea kiganja tumboni kama zamani. Akasema yeye mwenyewe hajanywa maziwa tangu mwaka jana, yanamsumbua. Nikaruka! Nikauliza sasa anamkamua ng'ombe kwa ajili ya nani. Akasema kwa ajili ya mikono yake, ikiamka asubuhi iwe na pa kwenda.

Kisha akasema kama nataka kuyarudia, nianze na mgando, si maziwa mabichi wala ya chai. Kijiko kimoja, pamoja na chakula, kesho yake ndiyo kingine, na tumbo likikataa, niliache, si vita. Ndivyo alivyonilea, nimesahau? Na kama sitaki, niseme sitaki. Yeye ni mama yangu, si idara ya maji. Tangu leo nimwambie ukweli tu.

Nikaahidi. Machozi yalinilenga, na hayakuwa ya tumbo.

Jumatatu, 13 Mei

Mama kaondoka asubuhi na lori la mchanga, viatu vyake vimewekwa soli mpya bure. Dumu sasa litakwenda moja kwa moja kwa jirani. Mama amemwita mwanawe wa pili, naye kasahau hata kutoa nyundo mdomoni—misumari, nataka kusema. Nimechanganyikiwa. Nimeandika ripoti ya lakiri: imevunjwa na mtu asiyejulikana.

Mlangoni mwa lori Mama akanishika mkono, akauliza sasa mimi aniletee nini, maana hawezi kumletea jirani akaniacha mtoto wake mikono mitupu. Nilikuwa nimejiandaa. Ukweli ni kwamba sihitaji kitu, aje mwenyewe tu. Lakini uso wake ulikuwa umeinuka, unanitafuta, na mikono yake tayari ilikuwa inawaza kazi.

Nikasema maharage. Nikasema nayapenda kupita kiasi.

Maharage! Mimi na maharage hatusalimiani tangu bwenini sekondari. Mama kafurahi, kasema atayachambua mwenyewe, punje kwa punje.

Jioni nimegonga ukuta na kumuuliza jirani kama anakula maharage. Kauliza ni ya rangi gani. Tumekubaliana. Na safari hii atanawa mikono kwanza. Mfuko utarudi kwa Mama bila harufu yoyote.