Sampuli ya Dafu na Bilauri ya Mgeni

Jana sikulala kwa sababu ya kibandiko. Niandike "sampuli ya dawa" kwenye chupa, au nisiandike? Nikiandika, majirani wa hapa Kinondo watasema kijana amerudi na digrii ya uganga. (Nawajua.) Nisipoandika... hapo sikufika. Mimi hufikiria mambo yote isipokuwa lile moja linalokuja kunimaliza.

Sikuandika. Leo nimeumbuka, jamani.

Chupani mlikuwa na maji ya dafu. Seli za mnazi, kama za kiumbe chochote, hutoa vifuko vidogo mno vinavyoelea ndani ya maji hayo, na wataalamu wanajaribu kuvipakia dawa ili ifike mwilini bila kuharibika njiani. Nilichuja nusu lita siku nzima, tone kwa tone, nikaiweka kwenye friji ya shangazi. Daktari, mtafiti wa chuo kikuu, alikuwa aje leo kuichukua. Ikimridhisha, ananipa kazi ya maabara. Miaka miwili sina kazi. Kati ya barua zangu zote, hii ndiyo pekee iliyojibiwa.

Alifika saa nne, jasho linamtiririka. Nikakimbilia chumbani kubadili shati kwa mara ya tatu. (La kwanza lilikuwa la msibani. La pili, la bwana harusi.)

Narudi sebuleni, Daktari ameshika bilauri!

"Mama, dafu hili safi ajabu. Halina hata chembe."

"Kunywa, mwanangu," shangazi akamwambia. "Kwangu mgeni hazungumzi na koo kavu. Nikuongeze?"

"Niongeze."

Yarabi! Nikisema, nitamwaibisha mgeni. Nisiposema, atamaliza. Nikiwa bado napima, akamaliza.

"Haya," akasema, akijifuta midomo. "Tuione kazi yako."

Nikaenda jikoni. Chupa imekwisha kuoshwa, imepinduliwa ikauke. Nikamnong'oneza shangazi yaliyotokea.

"Si dafu tu? Minazi iko uani. Angua jingine, ujaze. Nani atajua?"

Hakuna. Hilo ndilo lililoniumiza. Kwa macho, dafu ni dafu. Huenda angegundua akifika maabara, huenda asigundue kabisa, nami ningekuwa na mshahara. Nikatoka uani na panga, nikasimama chini ya mnazi kama mtu anayesubiri hukumu. Nikasimama sana, mpaka Daktari akaita, "Kijana, kuna tatizo?"

Nikaliweka panga chini. Nikarudi sebuleni.

"Daktari, sampuli umeinywa. Bilauri mbili."

Akalitazama tumbo lake. Akafungua daftari, akaandika neno moja (sikuliona, na litaniua), akalifunga.

"Nitakupigia."

Shangazi akamsindikiza hadi kwenye gari, akimtakia safari njema.

Sasa ni jioni na simu iko kimya. Mkitaka kunicheka, nichekeni kwa ujumbe tu. Mkipiga, nitadhani ni yeye.