Trela la Futi Kumi na Nne

Jumanne, 3 Juni 2014

Darla ametoa amri wakati wa staftahi. Amesema wazi kwamba mwaka huu halali tena palipolala farasi.

Namwelewa. Kila Juni tunakwenda kwenye msafara wa farasi, siku sita milimani. Tunafika kambini, tunawashusha farasi, tunaosha trela kwa mpira wa maji, tunatandika godoro humo humo. Mwaka jana ilinyesha siku tatu. Godoro lilinyonya yote, ya mawinguni na ya farasi.

Sasa anataka trela lenye chumba cha kuishi mbele na farasi nyuma. Kitanda, sinki, choo, mlango unaofungwa. La sivyo ataondoka na dada yake Nadine na mumewe Royce. Lao lina kitanda cha ziada na nafasi ya farasi mmoja zaidi, yaani Pansy, farasi wake. Mimi na Deacon wangu tutabaki na kuku.

Msafara unaanza Ijumaa ijayo, tarehe 13. Nilikutana na Darla kwenye msafara huo miaka thelathini na mmoja iliyopita na hatujakosa hata mmoja. Mwaka aliokuwa na mimba ya mwanetu Curtis alikwenda akiwa juu ya gari la jikoni, anamenya viazi. Siwezi kusema mbele yake, lakini nimeogopa. Soseji nimeiacha sahanini.

Nimekubali papo hapo. Ila nina mpango wangu. Chumba cha trela la Royce ni futi nane. Royce ni mwanyumba wangu, tumeoa ndugu, na tangu Pasaka hajaacha kunitajia futi hizo. Kwa hiyo letu lisipungue kumi.

Alhamisi, 5 Juni

Nimelipata! Liko kwa Kendrick, anayeuza matrela kando ya barabara kuu ya Springfield. Futi kumi na nne. Kumi na nne! Kochi la ngozi. Oveni. Televisheni inashuka kutoka darini. Kuna meko ya umeme na saa ya ukutani juu yake. Nimejilaza kwenye kochi karibu nusu saa.

Kendrick ameuliza nina farasi wangapi. Nikasema wawili. Akauliza nina pikapu gani. Nikasema yenye nguvu. Akauliza ya mwaka gani. Nikamwuliza kuhusu oveni.

Sehemu ya farasi sikuingia. Muda haukutosha.

Mpango: nimwonyeshe Darla matrela mabovu kwanza, matatu au manne, akate tamaa. Kisha nimpeleke kwa Kendrick, adhani kalichagua mwenyewe.

Jioni nimefika nyumbani nikakuta Darla keshapata lake. Bibi mmoja wa mji wa Ava, mjane, anauza la marehemu mumewe. Futi sita! Tunakwenda keshokutwa. Nimeitikia kwa uso mkunjufu. Futi sita bila shaka ni bovu, kwa hiyo mpango unaendelea kama kawaida.

Jumamosi, 7 Juni

Trela la Bibi Ottinger, yule mjane, lina mapazia ya bata. Jiko la mafiga mawili. Choo chake ukikikalia magoti yanabaki mlangoni. Nilifurahi sana.

Nikaenda nyuma kwa farasi. Baba yangu alinifundisha: inua mikeka ya mpira, chomachoma mbao za sakafu kwa kisu. Mkojo wa farasi huozesha mbao chini kwa chini, na kisu kikizama, unaaga unaondoka. Nikainua. Nikachoma kwa nguvu zangu zote.

Kisu kimevunjika.

Bibi Ottinger akasema, “Mwaloni huo, kijana. Marehemu alikuwa anaupaka mafuta kila mwaka kabla ya baridi. Mimi hakunipaka hata siku moja.” Darla akacheka mpaka akashika ukuta. Ana miaka sabini na sita huyo bibi na mimi nina hamsini na nane, lakini kaniita kijana mara nne.

Nikabaki na kitanda. Nikapanda, nikajinyoosha, miguu ikagonga ukuta. Nikamwita Darla aje aone mwenyewe kwamba sienei. Akaja. Akachomoa mto niliokuwa nimeuweka nyuma ya kichwa ili nirefuke. Nikaenea vizuri tu.

Bibi ana masharti. Hauzi mpaka aone farasi wetu akipanda mwenyewe bila kuvutwa, kwani marehemu hakupenda farasi anayevutwa. Tumlete Jumatatu. Halafu kuna mtu wa Arkansas naye analitaka.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya kanisa Nadine na Royce wamekuja kula kuku. Royce kaanza kabla hajakaa. “Mwanyumba, nasikia unanunua kibanda cha futi sita. Ukitaka kugeuka usiku utatoka nje kwanza?” Nadine akamwambia anyamaze, yeye mwenyewe anapigwa teke usiku kucha katika hizo futi nane. Lakini nilishaumia.

Nilipokuwa naosha vyombo, wazo likanijia. Deacon hapandi trela lolote bila Pansy kutangulia. Hajawahi, miaka tisa. Basi kesho Pansy abaki! Deacon akifika kwa bibi atagoma, nami nitatikisa kichwa na kusema masikini, kaona pembamba.

Nimemwambia Darla kwamba Pansy anachechemea kidogo mguu wa mbele. Amekwenda kumtazama. Pansy alikuwa anakimbia. Nikasema ndivyo maumivu yanavyoanza. Akasema haya, mlete Deacon peke yake, yeye atatangulia na Nadine.

Jumatatu, 9 Juni

Kuna jambo moja sikulifikiria. Ili Deacon agome kwa Bibi Ottinger, lazima kwanza afike kwa Bibi Ottinger. Na ili afike, lazima apande trela letu. Bila Pansy.

Nimeanza saa moja asubuhi. Shayiri: kala, kabaki nje. Kamba: mikono imechubuka. Maneno matamu, kisha maneno mengine. Nimesukuma kutoka nyuma, akanikalia. Saa tatu na nusu nikaingia trelani peke yangu, nikakaa sakafuni, nikafungua pai ya tufaha niliyofungiwa na Darla. Nilikuwa karibu kulia.

Deacon akaingia. Mwenyewe! Nikampa kipande. Kabla sijafunga mlango akatoka. Nikarudi, nikampa kingine, akaingia. Kizuio kikakwama, akatoka. Mara ya nne nilikuwa bado nje natafuta nyundo, yeye yumo ndani ananisubiri. Nilijivunia jinsi nilivyomweza, nikaondoka napiga mluzi.

Kwa Bibi Ottinger, Darla alishika kamba. Deacon akautazama mlango. Akapanda kwa hatua nne, kwa adabu zote, akaanza kunusa pembe zote akitafuta pai. Bibi akasema farasi kashasema. Mimi nilishangaa kabisa, mpaka nilipokumbuka asubuhi.

Darla akanigeukia. Akasema Deacon hajawahi kupanda peke yake, mimi nimemfundisha lini? Kisha sauti ikalegea. “Del, umemfundisha kwa ajili yangu?”

Nikasema ndiyo.

Akanibusu mbele ya Nadine na bibi mzima. Akasema mwaka mzima alidhani sijali. Niliona aibu, sikujua pa kuweka macho. Nikaapa moyoni kwamba yamekwisha, bata na futi sita na yote, nimeridhika. Aibu hiyo ilinishika mpaka tulipofika geti.

Bei wamepatana. Bibi anatulindia mpaka Jumatano saa sita mchana. Baada ya hapo anampa wa Arkansas.

Jumatano, 11 Juni

Naandika haraka nikiwa nimetulia. Sijatulia.

Darla alikuwa zamu kwa daktari wa meno anakofanya kazi, kwa hiyo kanituma mimi kulichukua trela. Kasema, “Saa sita, Delbert. Si saa sita na robo.” Akiniita Delbert huwa hatanii.

Nimetoka nyumbani saa tatu. Mapema mno, mtu angenisifu. Kwa kuwa muda ulikuwepo nikapitia kwa Kendrick, kumwambia tu kwamba tumepata jingine. Ni ustaarabu. Trela lilikuwa limeoshwa. Kendrick alikuwa na mteja kutoka Kansas, akasema kama nataka kulijaribu nilivute hadi njia panda na kurudi, si mbali zaidi. Nikalifunga nyuma ya pikapu.

Njia panda nilifika salama. Sasa, kwa Royce ni maili sita tu kutoka pale. Nikaona nipite mbele ya geti lake mara moja, polepole, dirisha wazi. Basi! Anione, nirudi.

Kile kilima cha kwa Royce nimekipanda miaka thelathini. Sikuwahi kukiona kirefu vile. Katikati pikapu iliinua pua, usukani ukawa mwepesi, halafu mvuke ukatoka kwenye boneti kwa sauti. Rejeta. Nikaweka mawe kwenye magurudumu. Hakukuwa na la kufanya ila kusubiri ipoe, na jua lilikuwa kali, na mle ndani mlikuwa na kochi.

Nilisinzia kidogo.

Nimeamshwa na honi. Royce, na gari lake, anashuka kutoka juu ya kilima taratibu, na nyuma yake trela lenye mapazia ya bata. Bibi Ottinger alipoona saa tano na nusu hakuna mtu, alimpigia Darla. Darla alimpigia Royce, naye akampitia kazini. Wamefika dakika nne kabla ya wa Arkansas.

Royce akatoa kichwa. “Mwanyumba! Umehamia huku? Nikuletee barua zako?”

Darla hakucheka. Alishuka, akaja hadi mlangoni, akatazama kochi, oveni, televisheni iliyokuwa imeshuka. Akaniuliza ni saa ngapi. Nikasema sina saa. Akanyoosha kidole ukutani, juu ya meko. Saa saba na dakika ishirini.

Nikamwambia naweza kueleza. Akasema hana shaka. Akarudi garini kwa Royce.

Kendrick kaja mwenyewe na gari kubwa kulichukua.

Ijumaa, 13 Juni

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Darla kaendesha pikapu yetu, ambayo imepona, na Nadine kando yake mahali pangu. Pansy kapanda. Deacon kapanda kabla hajaambiwa. Nimesema angalau Deacon abaki nami. Darla kasema Deacon hana kosa, atabeba vyombo.

Trela la bibi linafuata vizuri nyuma ya gari. Halikuyumba hata kwenye kona ya kanisa. Nimelitazama mpaka likapotea.

Nimewapa kuku maji. Nimekula mkate mkavu nimesimama. Nyumba ni kubwa ovyo. Ningekuwa pale sasa hivi, nafunga farasi kwenye kamba, yeye anachemsha kahawa na kunisema. Namkosa hata kunisema kwake. Kosa ni langu, nimeliandika hapa kwa mkono wangu na nimelipigia mstari.

Jumamosi, 14 Juni

Darla amepiga simu saa tano!

Kasema Deacon amewatia aibu. Tangu jana ameingia matrela manne ya watu, akikuta mlango wazi tu anapanda na kusimama ndani ananusa. Moja lilikuwa la mchungaji. Akaniuliza nilimfundisha nini huyu mnyama. Nikasema nitaeleza nikifika, kisha nikakumbuka kwamba sijaalikwa. Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha puani. Akasema anaona Deacon ananitafuta. Akasema kitanda ni kikubwa kuliko alivyodhani.

Nimelia, sifichi.

Akasema nije. Saa kumi jioni kuna matembezi ya wanandoa, wawili wawili, hadi kwenye chemchemi, na Nadine anakwenda na Royce. Nikifika kabla ya saa kumi tutakwenda wote. Nikichelewa atakwenda peke yake, na baada ya hapo nisihangaike kufika. Nikamwambia nitafika saa tisa. Sijapata kusema neno kwa dhati namna ile. Kuku nimemwachia jirani. Shati safi. Saa sita na nusu nilikuwa barabarani na gari dogo la Darla.

Nimepitia kwa Kendrick mara moja tu kumwomba radhi. Si njiani hasa, lakini ukizunguka kidogo ni njiani. Na mtu akianza upya aanze na moyo mweupe, Darla mwenyewe angesema hivyo. Kendrick kapokea radhi, ingawa kakaa upande wa pili wa meza.

Sasa nimeelewa Jumatano nilikosea wapi. Kosa lilikuwa pikapu! Trela halikuwa na tatizo lolote. Na wiki hii ameleta jingine, futi kumi na sita, lenye makochi mawili yanayotazamana, ambalo naambiwa ni jepesi zaidi kuvuta. Ninachotaka ni kulitazama tu, ili nikimweleza Darla leo kwenye matembezi niwe na hakika ya vipimo. Kendrick kaenda kutafuta funguo, nami naandika hapa kwenye ngazi yake.

Kutoka hapa hadi kambini ni mwendo wa saa mbili. Sasa hivi ni saa nane na dakika tano. Nitakanyaga mafuta.