Uzinduzi wa Tangi la Mvua la Mtaa wa Seokgol

Mheshimiwa Naibu Meya wa Majanga Yasiyotarajiwa, uliyetuma udhuru kwa kuwa barabara imejaa maji. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Wamiliki wa Maghorofa Mapya. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Kufuatilia Kamati. Wazee wangu wa Seokgol. Na wewe Bibi Kwak Ok-bun wa chumba cha chini ya ardhi, uliyekuja na ndoo ingawa kadi ya mwaliko haikutaja ndoo (kicheko), hamjambo? (Mvua yaanza kugonga turubai.)

Miaka mitatu iliyopita kilima hiki kilikuwa na vibanda, bustani za figili na udongo mtupu, udongo wa kizamani usio na elimu, uliokuwa unakunywa kila tone la mvua bila kibali cha ofisi yangu. Serikali hii sikivu, kwa maono yangu mimi Ma Gyeong-sik, mkuu wa mtaa huu, ikavunja, ikasawazisha, ikamwaga zege na kusimamisha maghorofa kumi na mawili, na leo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe kwa macho, asilimia tisini na nane ya kilima haipitishi maji hata uyabembeleze! (Makofi kutoka safu ya wamiliki.)

Wapo wachache wanaouliza maji hayo sasa yanakwenda wapi. (Bibi Kwak: “Yanaingia kwangu dirishani! Juzi godoro limeelea, na mlango ukishakandamizwa na maji haufunguki. Mnataka nife humo ndani?”) Asante, Bibi, maoni yako yamepokelewa na yatachakatwa. Kitaalamu hayo si mafuriko, ni ugatuzi wa mvua kwenda ngazi za chini, na masuala ya milango yapo idara nyingine. (Miguno.)

Ndiyo maana tukaja na Tangi la Mvua la chini ya ardhi, lita milioni tano! Siku ya kuanza kuchimba tuliweka kichwa cha nguruwe mezani kuomba baraka za ujenzi kama ilivyo mila yetu, nikakisujudia mara tatu, nikavaa glavu nyeupe, nikachota koleo la kwanza la udongo. (Sauti: “La pili alichota nani?”) Swali zuri sana, litajibiwa kwa maandishi. Mwezi uliopita tume ya ukaguzi ilifika, ikaona mfuniko, ikapiga picha, na kwa kuwa mvua ilikuwa inanyesha ikaenda zake kula chapati za vitunguu na kunywa makgeolli, pombe yetu ya mchele, kama ambavyo ningefanya mimi, kama ambavyo mngefanya ninyi. (Vichwa vyatikisika kukubali.)

Nikisema Seokgol, semeni Kavu! Seokgol! (Bibi Kwak: “Imelowa!”) Maendeleo! (Radi.)

Mwisho kabisa, kwa kuwa tangi lenyewe bado liko kwenye hatua ya kufikiriwa, namshukuru kwa dhati Bibi Kwak kwa uzalendo wa kutuazima mtungi wake wa kuchachulia kabichi ya kimchi aliouzika uani, ambao tume iliukagua, ikaupima kwa rula na kuuidhinisha. Bibi, mfuniko wako huu hapa. (Bibi Kwak achungulia mtungini: “Umeshajaa, mwanangu.”) Mmesikia, ndugu wananchi? Tangi limejaa, maana yake mradi umefanya kazi! Asanteni sana, na kwa usalama wenu, maji yanakuja, kila mtu apande nyumbani kwake juu.

(Bibi Kwak, ndoo mkononi: “Juu wapi?”)