Funguo Akae Vizuri, Kochi Lisiondoke

Redio yangu ndiyo iliyoanza. Mtaalamu mmoja, mwenye sauti ya mtu aliyekula akashiba, alisema kukaa kitako kutwa nzima ni hatari kwa afya, na kwamba mwananchi anayejipenda aende kazini kwa baiskeli. Alipokuwa anayasema hayo, kijiwe kizima kilikuwa kimezama kwenye kochi nje ya kibanda changu cha kunyolea.

"Zima hiyo, Kinyozi," akasema Hoja. "Huyo mtu ana chuki binafsi."

Hoja ni mwalimu mstaafu. Hata chumvi haombi bila kuanza na hoja ya kwanza.

"Kwani amesema uongo?" akadakia Spidi, ambaye anasambaza mikate kwa baiskeli na anaamini breki zilitengenezwa kwa ajili ya waoga. "Tangu kochi hili lije, Mwalimu, wewe umeota mizizi."

"Nimeota heshima. Ule ubao wa zamani ulikuwa unanichora mistari. Nikienda kuoga nakuwa kama daftari."

Shangazi, anayeuza kahawa, alikuwa kwenye kigoda chake akituangalia. Yeye hajawahi kukalia kochi lile hata siku moja. Kucheka hakucheka, na mimi Shangazi akiwa kimya huwa simwamini.

Hapa lazima nieleze habari ya kochi, maana lawama zote zimenielekea mimi. Kochi lilikuwa la Funguo, mtunza stoo wa shule, anayetembea na shada la funguo likimlia kiunoni kama mbuzi mwenye kengele. Baiskeli ilikuwa yangu. Daktari alipomwambia Funguo apunguze kitambi, akaanza kuitazama baiskeli yangu. Mimi nikaanza kulitazama kochi lake. Tukabadilishana, mkewe akiwa kwao amekwenda kuuguza. Mama wa watu aliporudi akakuta sebule ina mkeka na alama nne za miguu ya kochi sakafuni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alimwambia mumewe neno moja tu: ana nafasi mpaka jioni ya leo. Yeye akitoka kazini apitie kijiweni, amwone mumewe juu ya hiyo baiskeli, amekaa kitini kama watu, anatabasamu. Akishindwa, kochi lirudi nyumbani.

Na tatizo ni kwamba tangu aichukue, Funguo hajawahi kukaa. Anaendesha amesimama.

"Huyo anakuja," akasema Spidi.

Funguo alikuwa anaikokota baiskeli, miguu ameipanua, uso umekunjamana. Akaiegemeza ukutani kwa hasira.

"Nipisheni nikae."

Tukabanana. Akajishusha taratibu, akafumba macho. "Aaah. Kochi langu lina raha, jamani."

"Kochi lako la zamani," nikamrekebisha.

"Kinyozi, ile si baiskeli, ile ni adhabu. Mimi nimekukosea nini?"

"Mimi nimeiendesha miaka mingi."

"Ndiyo maana unanyoa umesimama!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikajifanya natafuta kitana.

"Sikilizeni," akasema Funguo, na sauti ikashuka. "Mke wangu anapita hapa jioni. Nilimwambia mimi ni bingwa. Nilimwambia ujanani nilikuwa naendesha huku nimekunja mikono kifuani. Leo nikishindwa, nyumbani nitadharauliwa mpaka na paka."

"Lakini ukishindwa unapata kochi," Shangazi akachokoza.

"Nitalikaliaje bila heshima?"

"Huyo mtu asishindwe!" akasema Hoja, akiinuka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hoja yangu ya kwanza: huyu ni mwenzetu. Hoja yangu ya pili..." Akalipapasa kochi, akalitazama kwa huzuni. "Hoja ya pili mnaijua."

Tuliijua sote. Nikaleta spana.

Spidi akawa wa kwanza. Akabinya tairi kwa kidole gumba, akasikitika. "Upepo hakuna. Ndiyo maana baiskeli nzito. Lete pampu." Akapampu mpaka akatoka jasho, tairi likawa gumu kama meza. "Sasa hiyo inaruka. Nenda mpaka kwa muuza mkaa urudi."

Funguo akaenda, akarudi akiwa ameuma meno.

"Vipi?"

"Njia nzima nimesalimiana na kila kokoto."

"Lakini umekwenda kasi!"

"Nilikuwa nakimbia maumivu, Spidi. Toa upepo!"

Tukautoa kiasi, mpaka tairi likawa linabonyea kidogo mtu akipanda. Kokoto zikapungua ukali, lakini Funguo akasema bado anateleza mbele na mikono inakufa ganzi.

"Jambo dogo," akasema Hoja. "Pua ya kiti imeinama. Mtu akiteleza, unamzuia kwa mbele. Inueni pua."

"Mwalimu, una uhakika?"

"Nimefundisha hesabu miaka yote, sijui pembe?"

Tukainua pua ya kiti. Funguo akapanda, akaenda hatua chache za baiskeli, akashuka. Akashika nguzo ya kibanda changu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mwalimu," akasema polepole, "una watoto wangapi?"

"Sita. Kwa nini?"

"Mimi nilikuwa nafikiria kuongeza mmoja."

Shangazi akamwaga kahawa kwa kucheka. Kiti kikalazwa sawasawa kama meza, haraka, bila mjadala.

"Sasa nipisheni mimi," nikasema. "Nyie mnaongea, mimi kazi yangu ni kupandisha na kushusha watu. Kila kichwa kinachoingia kwangu, kwanza nakipima na kiti. Funguo, panda. Mnaona? Magoti yanapiga kitambi. Kiti kiko chini mno."

"Kitambi ndicho kiko chini mno," akasema Spidi.

Nikalegeza nati, nikavuta bomba la kiti juu. Nikavuta tena. Funguo akapiga pedeli, na makalio yakawa yanahama kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Huyo anacheza arusi!" akapiga kelele Shangazi.

Sikufurahi. Nikamwambia Funguo aweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Kisigino kikaning'inia hewani. Nikashusha kiti mpaka kisigino kikafika, mguu ukiwa umenyooka, ili akiendesha kwa unyayo goti libaki limekunjika kidogo. Tukaupandisha na usukani, maana mtu wa umri wake kuinama kama anatafuta sindano iliyopotea ni kujitafutia mgongo. Akajaribu.

"Magoti yamepona," akakiri. "Mikono imepona. Lakini bado..."

"Bado nini?"

"Bado huko."

Sote tukakitazama kiti. Kilikuwa chembamba, kigumu, cheusi. Nisiwafiche: kilikuwa chembamba kama kitana changu, na nilikuwa nakijua vizuri sana.

"Tukifunge godoro," akasema Spidi.

"Godoro linahama, linachuna mapaja," nikasema. "Huyu anataka kiti kipana. Cha springi. Mwenye mwili wake akae kwenye mifupa yake, si kwenye... mambo mengine."

Halafu sote, kama tuliokubaliana, tukamgeukia Hoja.

"Msinitazame," akasema Hoja.

Hoja ana baiskeli ya zamani, fremu iliyokufa siku nyingi, ameitundika ukutani nyumbani kwake. Kiti chake ni cha ngozi, kipana, na springi mbili nyuma zilizonona kama mahindi. Kila mgeni anaonyeshwa kile kiti kabla hajaonyeshwa wajukuu.

"Kile kiti nilimchumbia nacho mke wangu," akasema Hoja. "Hakiguswi."

"Sawa, Mwalimu," nikasema. "Basi jioni hii tunarudi kwenye ubao. Uko nyuma ya kibanda. Nadhani una msumari mmoja umechomoza."

Hoja akalitazama kochi. Akautazama mgongo wa kochi, ule upande wake, ambao tayari ulikuwa umechukua umbo lake. Akaondoka bila kuaga. Aliporudi alikuwa amekipakata kile kiti kama mtoto mgonjwa.

"Asikiloweshe na mvua," akasema. "Na asikikalie na funguo."

Tulipokuwa tunakaza nati, Shangazi akauliza, kama mtu anayeongea na birika lake: "Na mama watoto, siku hizi anakaa wapi?"

"Nani?" akauliza Funguo.

"Basi. Endeleeni na spana."

Tukaendelea na spana.

Jua likaanza kushuka upande wa ghala. Funguo akapanda. Kwanza akaning'iniza makalio juu ya kiti kwa wasiwasi, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Akakaa. Springi zikalia kidogo. Akakaa kabisa. Uso wake ukafunguka taratibu, mashavu yakapanda, na mdomo ukaachia tabasamu ambalo sijaliona tangu anipe kochi.

"Jamani," akasema. "Jamani!"

Akaenda mpaka kwa muuza mkaa, akarudi. Akaenda tena bila kutumwa. Akapiga kengele bila sababu. Spidi alikuwa anapiga makofi, mimi napiga mluzi, Hoja anafuta miwani. Nasema kweli tulijisikia watu wema sana jioni ile.

Ndipo tukamwona shemeji, mke wa Funguo. Ni fundi cherehani, mwanamke mrefu, mkono mmoja kikapu cha vitambaa, mwingine umeshika kiuno kwa nyuma. Alikuwa amesimama kando ya barabara muda, hatukujua tangu lini.

Funguo akampitia mbele, ameketi wima, anatabasamu, mkono mmoja kiunoni.

"Mama watoto, si unaona?"

"Naona."

"Nimekaa?"

"Umekaa. Mwenyewe naona umekaa vizuri kabisa."

"Nimeshinda!" akasema Funguo.

"Umeshinda," akasema mkewe. "Wewe umepata pa kukaa." Akatugeukia sisi, tuliokuwa tumesharudi kwenye kochi. "Na hawa nao wamepata pa kukaa." Akaweka kikapu chini. "Sasa na mimi?"

Hata Hoja hakuwa na hoja.

"Mimi kutwa nzima napiga pedeli ya cherehani," akasema, bila kupandisha sauti. "Asubuhi mpaka jioni miguu inakwenda, na mimi sifiki popote. Nikirudi nyumbani nakaa kwenye ndoo. Ndoo, shemeji zangu, nimeigeuza juu chini. Leo mmeshinda na spana kutwa kwa ajili ya makalio ya mwanamume mmoja. Kuna aliyeniuliza habari ya mgongo wangu?"

"Mimi niliuliza," akasema Shangazi.

"Asante, Shangazi. Wewe ndiye uliyeniambia nije mapema." Akalikaribia kochi, nasi tukainuka wenyewe kama darasa. Akapitisha mkono. "Hii ni kahawa. Hii ni mafuta ya nywele. Na hapa springi imetoboa kitambaa. Huyu ni nani aliyekuwa anakaa hapa?"

Tukamtazama Hoja.

"Kochi linarudi nyumbani leo," akasema. "Na baiskeli ninaichukua, mpaka kochi litakapopona."

"Shemeji," nikasema kwa unyenyekevu, "kwa haki, kama kochi linarudi, baiskeli inarudi kwangu."

"Siku nitakayolikuta kochi kama nilivyoliacha, utaipata. Nipe spana."

Nikampa. Akalegeza nati, akashusha kiti vidole viwili hivi, akaweka kisigino kwenye pedeli akapima, akakaza. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu.

"Kwani unajua kuendesha?" akauliza Spidi.

"Muulize huyu alifundishwa na nani."

Funguo akaanza kuzihesabu funguo zake.

Shemeji akafunga kikapu kwenye keria, akakunja gauni, akainamisha baiskeli, akapanda. Alipokaa kwenye kile kiti cha Hoja mkono ukatoka kiunoni. "Lo," akasema peke yake. Kisha akapiga kengele. "Haya, inueni. Nawatangulia nikafungue mlango."

Tukainua. Kona moja Hoja, kona moja mimi, Spidi na Funguo nyuma. Kochi ambalo kulikalia lilikuwa jepesi, kulibeba lilikuwa mkosi. Njia yenyewe inapanda. Spidi alikuwa anataka twende mbio, Hoja anataka tujadiliane, na Funguo analia kwamba anabebeshwa kochi lake mwenyewe. Shangazi alitupungia mkono kutoka kijiweni.

Katikati ya mlima Hoja akasema mkono wake umekwisha. Tukalitua barabarani. Tukatazamana. Mbele shemeji alikuwa amepotelea konani, na hakukuwa na mtu.

"Dakika moja tu," akasema Hoja.

Tukakaa. Wote wanne, katikati ya barabara, tumebanana, tumeupa mlima mgongo, upepo wa jioni unatupiga. Hoja akaegemea mahali pake pa siku zote, akafumba macho.

Hatukuisikia baiskeli. Matairi yale tulikuwa tumeyapima vizuri, nati tulikuwa tumezikaza, wala hapakuwa na kitu kinacholia. Tulichosikia ni kengele, nyuma ya masikio yetu kabisa, na sauti ya shemeji:

"Mmekaa?"

Spidi akarukia mtaroni. Mimi nikapoteza kiatu. Hoja, akiwa amekwishaliinua kochi upande wake peke yake, akanigeukia akihema.

"Kinyozi," akasema, "yule mtaalamu wako wa redioni ana akili sana."